Somo: Kuthibitisha Mshahara wa Zamani Unapoomba Kuhamia Kanada kwa Ujuzi

Mpishi amefanya kazi katika hoteli ya ufuoni kwa miaka sita. Amefuzu mtihani wa Kiingereza, cheti chake cha chuo kimekaguliwa, na mwaliko kutoka Kanada umeingia kwenye akaunti yake. Tangu siku hiyo ana siku 60 za kuwasilisha stakabadhi zote. Ndipo anapogundua kwamba hana karatasi hata moja inayoonyesha alikuwa akilipwa pesa ngapi.

Huo ni mfano tu, lakini wakazi wengi wanaofanya kazi hotelini, kwenye gereji, katika kliniki za kibinafsi na kwenye miradi ya ujenzi wataielewa hali hiyo. Somo hili linaeleza ni karatasi gani zinazothibitisha mshahara, zinapatikana wapi, na kwa nini zinafaa kukusanywa mapema, mtu akiwa bado kazini.

KANADA INATAKA KUJUA NINI?

Express Entry ni mfumo ambao Kanada huutumia kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi wanaotaka kuishi huko kwa kudumu. Anayeomba kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi waliopata uzoefu wao nje ya Kanada lazima awe amefanya kazi ya ujuzi kwa angalau mwaka mmoja mfululizo katika miaka 10 iliyopita. Mwaka huo ni sawa na saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki. Saa zinazozidi 30 kwa wiki haziongezi chochote. Kazi ya kujitolea na mafunzo ya kazini yasiyo na malipo hayahesabiwi kamwe.

Kazi hiyo lazima iwe imelipwa, na hapo ndipo mshahara unapoingia. Mpango huu hauna kiwango cha chini cha mshahara ambacho mtu anapaswa kuwa alikipata nyumbani. Afisa wa uhamiaji anatazama malipo ili aridhike kwamba kazi ilikuwepo, ilikuwa ya saa zilizotajwa, na kwamba mwajiri aliilipia kweli. Kwa hivyo hakuna faida ya kuongeza tarakimu ili mshahara uonekane mnono. Mshahara wa Sh25,000 wenye karatasi zinazolingana una nguvu kuliko wa Sh80,000 usio na ushahidi.

BARUA YA MWAJIRI

Stakabadhi kuu ni barua ya mwajiri. Idara ya uhamiaji ya Kanada (IRCC) inataka barua iandikwe kwenye karatasi rasmi ya kampuni na iwe na mambo yafuatayo:

- jina kamili la mfanyakazi;
- anwani, nambari ya simu na barua pepe ya kampuni;
- jina, cheo na sahihi ya msimamizi wa moja kwa moja au afisa wa wafanyakazi;
- kila cheo alichoshika mfanyakazi na majukumu yake;
- tarehe alizofanya kazi;
- idadi ya saa za kazi kwa wiki;
- mshahara wa mwaka pamoja na marupurupu.

Barua inayosema tu kwamba mtu "alikuwa mfanyakazi mwaminifu na mwenye bidii" haitoshi, hata ikiwa na muhuri. Mambo yanayosahaulika zaidi ni mawili ya mwisho: saa na mshahara. Ni vyema mwombaji ampelekee mwajiri orodha hii ikiwa imeandikwa, badala ya kumwomba "barua" tu.

CHETI CHA HUDUMA HAKITOSHI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, Kifungu cha 51, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha huduma anapoondoka, ikiwa amefanya kazi kwa wiki nne mfululizo au zaidi. Mwajiri anayekataa kukitoa kwa makusudi anatenda kosa. Anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, au vyote viwili.

Hata hivyo, kinachotakiwa kuandikwa kwenye cheti hicho ni jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, aina na mahali pa kazi, na tarehe za kuanza na kumaliza. Mshahara na saa za kazi havimo kwenye orodha hiyo. Sheria pia haimlazimishi mwajiri kuandika barua ya sifa. Kwa sababu hiyo, barua yenye mshahara inaombwa kwa heshima na kwa wakati unaofaa, uhusiano ukiwa bado mzuri.

KARATASI ZA KUUNGA MKONO

Barua inapata uzito inaposindikizwa na karatasi nyingine ambazo mfanyakazi hakuziandika mwenyewe:

1. Pesilipu. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinampa mfanyakazi haki ya kupata taarifa ya maandishi inayoonyesha mshahara wake kabla ya makato, na makato yenyewe. Haki hii haiwahusu vibarua, wanaolipwa kwa kipande cha kazi, wala walioajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita.

2. Fomu ya P9. Mwajiri huitoa kila mwaka. Inaonyesha, mwezi kwa mwezi, mshahara, marupurupu na ushuru wa PAYE uliokatwa. Ndiyo inayotumiwa kuwasilisha ritani kwa KRA kabla ya Juni 30. Nakala za ritani zilizowasilishwa zinapatikana kwenye akaunti ya iTax.

3. Taarifa ya michango ya NSSF. Inaonyesha jina la mwajiri na miezi aliyomchangia mfanyakazi.

4. Taarifa ya benki. Inaonyesha pesa zilizoingia na tarehe.

5. Taarifa ya M-Pesa. Kwa waliolipwa kwa simu, inaweza kuombwa kwa kupiga *334#.

6. Mkataba wa kazi na barua za kupandishwa cheo.

Si lazima kuwa na zote sita, lakini zilizopo zinapaswa kusema jambo moja.

HESABU LAZIMA ZIKUBALIANE

Tuseme mpishi wetu alikuwa na mshahara wa Sh32,000 na marupurupu ya nyumba ya Sh5,000. Jumla kwa mwezi ni Sh37,000, na kwa mwaka ni Sh444,000. Hiyo ndiyo tarakimu inayofaa kuandikwa kwenye barua.

Akaunti yake ya benki haitaonyesha Sh37,000. Kwa viwango vya mwaka 2025, NSSF ilikata Sh2,220, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 ambayo ni Sh1,017.50, na ada ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni Sh555. Ukitoa pia PAYE, kinachoingia benki ni takriban Sh30,860. Pesilipu na P9 ndizo zinazoeleza tofauti hiyo. Mtu aliyewasilisha barua na taarifa ya benki pekee anamwachia afisa pengo la zaidi ya Sh6,000 kila mwezi bila maelezo.

Kama mfanyakazi alikatwa pia mkopo wa chama cha akiba au alichukua mshahara wa mapema, tofauti itakuwa kubwa zaidi. Maelezo mafupi ya ukurasa mmoja yanasaidia.

KAZI ZA MSIMU NA MALIPO YA TASLIMU

Wafanyakazi wa hoteli za ufuoni wanajua kwamba msimu wa wageni ukipita, wengi hupumzishwa bila malipo. Miezi hiyo si kazi iliyolipwa. Barua inafaa kutaja tarehe za kila mkataba. Isiandikwe "2019 hadi leo" wakati michango ya NSSF ina mapengo kila Mei na Juni. Mwombaji ahesabu kwanza kama ana mwaka mmoja usiokatika kabla ya kulipia mitihani.

Aliyelipwa taslimu ana kazi kubwa zaidi. Ajaribu kupata nakala za daftari la malipo alilotia sahihi, na aanze kuomba alipwe kupitia benki au simu. Bakshishi za wageni ambazo hazikupita kwenye vitabu vya mwajiri hazina ushahidi, na ni bora kuziacha.

Aliyejiajiri hawezi kujiandikia barua ya majukumu. Anahitaji cheti cha usajili wa biashara, ushahidi wa mapato kama vile ritani za KRA, na barua za wateja zinazotaja huduma alizotoa na malipo waliyofanya.

MWAJIRI AKIWA HAPATIKANI

Baadhi ya hoteli zilifunga milango mwaka 2020 wakati wa janga la Korona, na nyingine hazikurudi. Katika hali hiyo, mwombaji huandika barua ya maelezo akisema kwa nini hana barua ya mwajiri na amejitahidi vipi kuipata. Kisha anaambatisha P9, NSSF, mkataba, pesilipu, na barua ya aliyekuwa msimamizi wake yenye nambari ya simu inayopatikana.

KARATASI ZA KUGUSHI

Afisa wa Kanada anaweza kumpigia simu mwajiri. Anayepatikana ametoa habari za uongo au karatasi ghushi anaweza kuzuiwa kuingia Kanada kwa angalau miaka mitano, hata kama sifa zake nyingine zilikuwa halali. Wakazi wajihadhari na mawakala wanaojitolea "kutengeneza" pesilipu au kuuza "nafasi" ya Express Entry. Kufungua wasifu kwenye mfumo huo hakulipiwi.

Pia, ushahidi wa mshahara usichanganywe na ushahidi wa akiba ya kuanzia maisha. Akiba inathibitishwa kwa barua ya benki inayoonyesha, miongoni mwa mengine, salio la sasa, wastani wa salio la miezi sita na madeni. Pesa za kukopa hazikubaliwi.

ZOEZI LA WIKI HII

Chukua bahasha moja kwa kila mwajiri uliyemfanyia kazi katika miaka 10 iliyopita. Andika juu yake tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, saa kwa wiki na mshahara wa mwezi. Kisha tia ndani kila karatasi uliyo nayo. Jiulize:

- Je, tarehe kwenye barua ni zile zile za NSSF?
- Je, mshahara kwenye barua ukijumlishwa kwa mwaka unalingana na P9?
- Je, kuna bahasha tupu? Nani bado yupo anayeweza kukusaidia kuijaza?

Huduma za KRA na NSSF zinapatikana katika vituo vya Huduma Centre. Aliyenyimwa cheti cha huduma anaweza kuwasilisha malalamiko katika afisi ya leba iliyo karibu naye. Mwajiri anatakiwa kuhifadhi maelezo ya ajira kwa miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka, kwa hivyo aliyeacha kazi miaka mitatu au minne iliyopita asisubiri mwaliko ufike ndipo arudi kuuliza.