Jifunze Sheria: Haki za Mtoto, Kutoka Mkataba Hadi Kata

Tarehe 20 Novemba 1989, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Wapo wanaodhani kuwa nchi ikisharidhia mkataba, haki zilizomo huanza kutumika papo hapo. Sivyo, zipo hatua tatu.

Kutunga sheria. Nchini Tanzania, mkataba wa kimataifa hauwi sheria ya nchi mpaka utungiwe sheria. Sheria ya Mtoto ilitungwa mwaka 2009 kwa Tanzania Bara, nayo Zanzibar ikatunga ya kwake mwaka 2011. Aliyezaliwa mwaka ule wa kuridhiwa alifikisha miaka 18 mwaka 2009. Sheria ilipotungwa kwa ajili ya watoto, yeye utoto ulikuwa umemwishia.

Kuoanisha sheria. Sheria ya Mtoto husema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa kibali cha mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Kutekeleza. Hapa ndipo mkataba unapobisha hodi mlangoni kwa mwananchi. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaikabidhi mamlaka ya serikali za mitaa jukumu la kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamgusa kila mwanajamii: anayefahamu kuwa mtoto ananyimwa chakula, matibabu au elimu na mzazi mwenye uwezo, anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka hiyo. Afisa Ustawi wa Jamii humwita mhusika kwa mazungumzo. Akikaidi, shauri hupelekwa mahakamani.

Mkazi anaweza kuanzia kwa Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata, au kupiga simu namba 116 ya huduma kwa mtoto. Mkataba ulisubiri miaka 18 kuwa sheria. Mtoto wa jirani asisubiri hata siku moja kwa sababu aliyeona alinyamaza.