INI HALIUMI UPESI: POMBE INAVYOUA CHEMBE ZAKE



Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu. La mtu mzima lina uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Kati ya kazi zake nyingi, moja ni kuvunja sumu zinazoingia mwilini. Pombe ni mojawapo.

Chupa ya bia ya santilita 72, yenye nguvu ya 5 kwa 100, ina gramu 28 hivi za alkoli. Lotoko ya mahindi au muhogo, tunayoijua wote hapa Kisangani, inaweza kufika nusu nzima alkoli. Basi kiglasi cha santilita 7 tu ni sawa na chupa ile nzima.

Chembe za ini zinapovunja alkoli, hutokea kwanza sumu nyingine, asetaldehidi, inayoziharibu. Ugonjwa huenda kwa hatua tatu:

1. Mafuta hujaa ndani ya chembe. Huwezi kusikia maumivu. Ukiacha pombe sasa, mafuta huondoka kwa majuma machache.

2. Chembe huvimba na kufa. Nyingine hupasuka, na yaliyomo humwagika na kuwasha ini lote. Macho huwa manjano.

3. Chembe mpya huzaliwa, lakini pombe ikiendelea hazitoshi. Mahali pa zilizokufa huota makovu magumu. Damu haipiti vizuri. Tumbo hujaa maji, na mtu aweza kutapika damu.

Ufanye nini?

— Usingoje maumivu. Ukiona macho manjano, mkojo mweusi, tumbo au miguu kuvimba, nenda kwa munganga. Anayetapika damu apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

— Kichwa kikiuma baada ya kulewa, usimeze parasetamoli ovyo. Kwa mnywaji wa kila siku asiyekula vizuri, dawa hiyo inaweza kuua chembe zile zile.

— Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Anaweza kutetemeka na kushikwa na kifafa. Amwone munganga kwanza, naye atamsaidia kuacha.

— Mama, usimfiche mgonjwa kwa haya. Hata mwenye makovu akiacha pombe huongeza siku zake.

Mshahara ukiisha, mwezi ujao utalipwa mwingine. Ini ni moja tu. Lichunge!