Praima Inapotoka Kama Msasa

SWALI: Msomaji amepulizia praima (rangi ya msingi) sanamu zake ndogo za mchezo wa Warhammer. Zilipokauka zikawa na chengachenga kama msasa. Kosa liko wapi, na zinaweza kuokolewa?

JIBU: Mara nyingi wa kulaumiwa ni umbali. Kopo la praima likishikwa mbali mno na sanamu, hasa siku ya joto na upepo, matone hukauka hewani na kutua kama vumbi. Unyevunyevu mwingi nao huharibu. Umbali wa sentimita 20 hadi 30 unatosha. Kopo litikiswe vizuri, mpulizo uanzie kando ya sanamu, uipitie na kuishia upande wa pili. Matabaka mawili mepesi ni bora kuliko moja zito, ambalo huziba macho na mikunjo ya nguo.

Sanamu nyingi za Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, inayotengeneza Warhammer, ni za plastiki ya polistireni, na rangi za akriliki zikipakwa juu yake bila praima hubanduka upesi. Za resini zioshwe kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni, maana hutoka na mafuta ya kalibu.

Praima nyeusi huficha pale brashi isipofika; nyeupe hung’arisha njano na nyekundu. Wachoraji wengi hupuliza nyeusi kote, kisha nyeupe kutoka juu tu, na vivuli vinajichora vyenyewe. Ujanja mzuri, tena wa bei nafuu.

Na zile zilizoharibika? Chenga chache husuguliwa kwa mswaki mkavu. Zikizidi, rangi yote itolewe kwa kiondoa rangi kisichodhuru plastiki. Asetoni isiziguse kabisa: polistireni itayeyuka.