Chachu Ndani ya Ploti



Mara nyingi tunawasikia waume na wake wakisema: "Dunia imeharibika, lakini sisi tutafanya nini? Hata kodi ya nyumba inatushinda." Maneno hayo yanaeleweka. Mtu aliyerauka alfajiri kwenda kutafuta kibarua Eneo la Viwandani hurudi jioni amechoka, na bado maji ya mitungi hayajanunuliwa. Lakini je, kuitengeneza dunia ni kazi ya maaskofu na wabunge peke yao?

Yaliyotokea Kware

Tutazame Kware, huko Embakasi Kusini, Nairobi. Mnamo Julai 2024 miili ya watu, hasa wanawake, ilipatikana ndani ya magunia katika machimbo ya mawe yaliyoachwa na kugeuzwa jaa la taka. Nchi nzima ilishtuka. Kuwatafuta wahalifu ni kazi ya polisi na mahakama, nasi tuna haki ya kudai waifanye. Hata hivyo, msiba ule unatuachia swali. Katika ploti zetu watu huishi ukuta kwa ukuta, wakipanda ngazi moja. Mmoja wao akitoweka leo, ni nani atakayejua hata jina lake?

Chachu haipigi kelele

Bwana wetu aliufananisha Ufalme wa mbinguni na chachu ambayo mwanamke aliichanganya na unga (Mt 13:33). Chachu haina kelele, lakini sharti iwe ndani ya unga. Ikibaki katika pakiti, donge haliumuki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba walei wanaitwa kuutakatifuza ulimwengu wakiwa ndani yake, mfano wa chachu (LG 31), tena ukaiita familia Kanisa la nyumbani (LG 11). Basi utume wenu uko pale pale mlipo: chumbani, kwenye ngazi, kibandani na kazini.

Tunao mfano wa Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi wa Roma, yeye mwanasheria na mkewe mwandishi, wazazi wa watoto wanne. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyumba yao ilikuwa wazi kwa wakimbizi. Tarehe 21 Oktoba 2001 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wenye heri, mume na mke wa kwanza kutangazwa pamoja.

Mambo manne ya kuanza nayo

1. Amani ianze kati yenu wawili. Hawezi mume kulaani mauaji ya wanawake mchana, kisha usiku akainua mkono juu ya mkewe. Watoto hujifunza Injili yao ya kwanza kwa kusikia jinsi baba na mama wanavyojibizana.

2. Wajueni majirani kwa majina. Anzeni na mlango wa kulia, wa kushoto na wa mbele. Kama kuna kijana anayeishi peke yake, mjulieni hali. Mlango usipofunguliwa siku mbili, ulizeni.

3. Mlipeni mtu haki yake. Mama anayewafulia nguo naye ana watoto wanaongoja chakula cha jioni. Usimwambie "njoo kesho" ilhali pesa unayo (Yak 5:4).

4. Msinyamaze. Wengi husema mambo ya ndoa ya watu hayaingiliwi. Lakini kumpiga mke au mume si siri ya ndoa. Ni dhambi, na nchini Kenya ni kosa la kisheria; tena Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamlinda anayepigwa. Mkisikia kilio usiku, bisheni hodi mkiwa zaidi ya mmoja, au piga simu 1195, ambayo haina malipo. Tena msimrudishe mke aliyepigwa kwa kumwambia avumilie. Usalama wake kwanza, mashauri baadaye.

Msiende peke yenu

Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa maisha ya Kanisa. Jumuiya si ya rozari na michango ya mazishi tu. Hapo ndipo mnapoweza kusema: "Jirani yetu hajaonekana. Nani ataenda?"

Maswali ya mume na mke

1. Ni majirani wangapi tunaowajua kwa majina?
2. Je, kuna mtu tunayemdhulumu ujira wake?
3. Wakisikia sauti zetu ukutani, majirani hujifunza nini juu ya Kristo?

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, chagueni jina la jirani mmoja. Mwombeeni, na kesho mkabishe hodi. Mungu aibariki ndoa yenu.