Enkoda: Kizungushio Kinachohesabu

Wasomaji wenzangu, kile kizungushio cha sauti redioni hufika mwisho kikakwama. Enkoda haikwami ng'o! Mimi naitaka kwa mashine ya kuangulia mayai ya kuku, nipangie joto la nyuzi 37.5.

Enkoda ya KY-040 ina pini tano. Unga + kwa volti 5 za Arduino Uno, GND kwa GND, CLK kwa pini ya 2, DT kwa pini ya 3. SW, yaani kitufe chake, iache kwanza.

Sasa utamu wenyewe. Ndani mna swichi mbili, moja hutangulia nyingine. Programu ingoje CLK ishuke, kisha isome DT: ikiwa juu, ongeza 0.1, ikiwa chini, punguza. Ikihesabu kinyume, wewe badilisha tu nyaya hizo mbili.

Lakini chuma hudunda kikigusana. Mlio mmoja waweza kuhesabiwa mara tatu, na mayai hayana msamaha. Basi programu ipuuze badiliko lolote linalokuja kabla ya milisekunde 5 kwisha. Tena iwekee mpaka: isishuke chini ya 37, isipite 38, hata mtoto akiizungusha kutwa.