BONETI ILIYOBONYEA INAUZIKA, ILA ANDIKA UKWELI WAKE

Somo la leo linawahusu mnaouza spea za gari zilizotumika kwa WhatsApp, Facebook na Instagram, pamoja na wewe unayetaka kuuza gari lako na boneti ina mbonyeo. Mimi nipo Songea. Nanunua boneti zilizogongwa, nazitengeneza uani kwangu, napiga picha, nauza. Soma mpaka mwisho maana kuna sehemu mtaji unaliwa kimyakimya.

Tuanze na hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwako. Boneti 60,000. Puti na hadena yake 15,000. Misasa 8,000. Praima 12,000. Rangi na kliya 35,000. Bodaboda 5,000. Jumla 135,000. Mteja akikukazia kwa 150,000 umebaki na elfu 15 kwa kazi ya siku mbili. Ndiyo maana nasema faida ya boneti iko kwenye kununua. Rangi nzuri haiokoi boneti mbovu.

Ukienda kununua, beba sumaku ndogo imefungwa kwenye kitambaa. Pitisha boneti nzima. Ikishika vizuri, hapo ni bati. Ikilegea sehemu fulani, hapo kuna puti nene ya fundi aliyekutangulia, na puti nene hupasuka. Isiposhika popote, hata upande wa chini, basi hiyo ni alumini, kama ilivyo kwa baadhi ya Subaru. Alumini inanyooshwa tofauti na bati, iachie fundi bodi. Halafu igeuze. Mifupa ya chini ikiwa imepinda, au kutu imeshatoboa ukingo, mimi huwa naondoka hata kama bei ni ya kutupa. Anayekuuzia mwombe karatasi yenye jina, sahihi na namba ya kitambulisho. Spea ya wizi ikikutwa kwako, wewe ndiye utakayeulizwa polisi.

Sasa kazi yenyewe. Kama boneti bado ipo kwenye gari, chora kwa kalamu kuzunguka bawaba kabla hujafungua, ili ikirudi ikae palepale. Toyota nyingi ni spana namba 12. Chomoa mpira wa maji ya waipa, na muwe wawili, mmoja kila upande.

Mbonyeo unasukumwa kutoka chini taratibu, kwa nyundo na kipande cha mbao, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Usipige katikati kwa hasira, bati litatanuka na halitarudi. Kisha kwangua rangi kwa msasa namba 80 mpaka bati liwe jeupe, kutu yote itoke. Puti iliyowekwa juu ya kutu itavimba, na mteja atakupigia simu baada ya mvua chache.

Puti changanya kidogo kidogo. Hadena iwe kama gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti. Ukizidisha inaganda mkononi, ukipunguza haikauki kabisa. Paka nyembamba, isubiri ikauke, saga kwa 80, kisha 180, kisha 320. Fumba macho upitishe kiganja. Mkono unaona bonde ambalo jicho halioni. Futa vumbi, osha mafuta yote, maana polishi ikibaki rangi inafanya vitundu kama macho ya samaki. Piga praima mikono miwili mitatu, ikikauka lainisha kwa 600 ya maji.

Hapa wengi watanibishia: boneti ya kuuza peke yake mimi naishia kwenye praima. Sipigi rangi. Gari la mteja limepigwa jua miaka kumi, hata ukipata namba sahihi ya rangi haitafanana na mabawa yake. Akiipaka fundi wake ataoanisha mwenyewe, na mimi nimeokoa ile elfu 35. Ila mwambie mteja wazi kwamba praima ya kawaida inanyonya maji, asiiache nje kwenye mvua.

Kama ni gari lako na lazima upake, tafuta kibao cha gari, mstari ulioandikwa C/TR. Toyota ikiandika 040 ni nyeupe ya kawaida, hiyo nyumbani unaiweza. 1F7 ni silva, inaonyesha kila kosa la mkono. 070 ni nyeupe ya lulu yenye tabaka tatu, hiyo mpelekee fundi rangi. Hali ya hewa yetu nayo izingatie. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua inakuja bila hodi, na Juni, Julai asubuhi kuna baridi na ukungu. Unyevu unaifanya rangi ipauke kama imemwagiwa maziwa. Piga kati ya saa nne na saa tisa, siku kavu.

Kliya ya kuchanganya na hadena usiipulize nyumbani. Ile hadena ina isosayaneti, inaweza kukupa pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Tumia kopo la kawaida la kupulizia, mahali pa wazi, watoto mbali, na jiko la mkaa mbali kabisa. Mvuke wa tina unawaka.

Tangazo sasa. Piga picha kivulini, ya juu, ya chini, na ya pembeni ambayo mawimbi yanaonekana. Ndiyo, yaonyeshe. Andika hivi:

"Boneti ya IST NCP60, imetumika. Ilibonyea mbele kulia, imenyooshwa, puti ukubwa wa kiganja. Praima ya kijivu, haina rangi. Loki haipo. Niko Songea, natuma kwa basi."

Ile NCP60 usiisahau. IST ya 2002 hadi 2007 na iliyofuata boneti zake haziingiliani, na nauli ya kurudisha mzigo kutoka Tunduru utalipa wewe. Hata Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mteja akija na sumaku yake akakuta puti uliyoitaja, hapunguzi bei. Akikuta usiyoitaja, anapunguza anavyotaka, au anakuanika kwenye magrupu.

Kufunga mzigo: maboksi kwenye kona nne, blanketi la zamani juu, kamba. Usikubali ilazwe chini ya magunia ya mahindi. Isimamishwe. Ipige picha mbele ya mpokea mizigo, mtumie mteja pamoja na risiti ya basi kabla gari halijatoka stendi.