KUMKUMBUSHA ALIYEALIKWA

Fedha za korosho zikiisha kulipwa, kadi za harusi, ubatizo na kipaimara huanza kuzunguka. Kadi hupokewa kwa furaha, huwekwa juu ya kabati, na mwezi mmodi baadaye imesahauliwa. Wapishi hubaki na masufuria ya pilau na viti vitupu. Somo letu ni juu ya ukumbusho unaomfikisha mgeni.

Fungueni Luka 14:16-24. Wengi wetu tukisoma mfano huu twakimbilia visingizio vya shamba, ng'ombe na mke. Tazameni kwanza kwamba watu wale walikuwa wamekwisha kualikwa. Mtumwa aliyetumwa saa ya karamu hakupeleka mwaliko, alipeleka ukumbusho. Hamani naye alialikwa na Esta tangu jana yake, hata hivyo watumishi wa mfalme walikuja kumchukua (Esta 6:14). Kuitwa mara mbili hakukuwa tusi.

Tena angalieni faida yake. Mwenye karamu alipopata majibu mabaya, alikuwa bado na nafasi ya kuijaza nyumba yake kwa wengine. Anayekuambia "siji" siku tatu kabla amekusaidia kuliko yule asemaye "Mungu akipenda" halafu asionekane. Basi ukumbusho uulize jambo linalojibika: mnakuja wangapi?

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo tunapoharibu. Kadi ikiandika 10:00, bibi kizee husoma saa kumi, akafika alasiri watu wanafagia uwanja. Andika "saa 4 asubuhi". Usiandike "usiku wa Ijumaa" peke yake. Majirani zetu Waislamu wa Mikindani na Msimbati, wanaohesabu siku tangu jua kuchwa, wengi wao watakuja Alhamisi, na hawakukosea. Andika "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", au kinyume chake. Na jamaa walio ng'ambo ya Ruvuma je? Saa ya Msumbiji iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Akifika saa 4 ya kwao, kwetu ni saa 5, na mtoto amekwisha batizwa.

Mgeni wa mjini, wa Ligula au Chikongola, anatosha kukumbushwa jioni ya kuamkia siku yenyewe. Wa Msangamkuu anategemea chombo cha kumvusha, na anayepita Kilambo anategemea maji ya mto. Hao wakumbushwe siku tatu kabla, wapange safari.

Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya herufi 160, nazo zatosha: jina la mgeni, shughuli, siku, saa, mahali, na nani wa kujibiwa. Jina litangulie. Ujumbe usio na jina ni kama tangazo baada ya ibada, kila mtu hudhani anaambiwa jirani yake. Katika makundi ya WhatsApp ndiyo kabisa, ukumbusho huzama chini ya "Amina" arobaini. Wazee wapigiwe simu, au kijana atumwe kwa miguu. Mzee hakumbushwi kwa maandishi kama mdaiwa.

Nimefika kwenye neno hilo, mdaiwa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kamati zetu siku hizi huchanganya ukumbusho wa mchango na ukumbusho wa kuja. "Tunakukumbusha ahadi yako, karibu sana Jumamosi." Mjane aliyeahidi elfu ishirini akapata elfu tano hawezi kuusoma ujumbe huo kama mwaliko. Atakaa nyumbani, atasema anaumwa, nasi tutasema hana upendo. Mtumwa wa Luka hakubeba daftari la michango. Aliwaambia tu kwamba chakula ki tayari.

Kwa hiyo mweka hazina afunge daftari wiki moja kabla, asiandike tena kwa mtu yeyote. Kukumbusha kufanywe na mtu mwingine kabisa, na kwa simu nyingine, kwa maneno kama haya: "Shikamoo Bibi. Jumamosi saa 4 asubuhi tunambatiza mjukuu wako, kanisani. Kijana atakufuata saa 3. Tunakuhitaji wewe tu, usibebe kitu."